Kitambaa cha Bi Mwanatatu

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nane. La, nakosea. Hamsini na nane nilikuwa bado nahesabu nazi za mjomba wangu kule Mtongwe. Ni hamsini na tisa, na Ramadhani ya mwaka ule ilikwisha masika yakinyemelea. Hilo nina hakika nalo, maana ni Ramadhani ile inayonifanya nishike kalamu leo.

Bi Mwanatatu alikuwa mtu wa mtaa wa Shika Adabu, mjane, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka kuliko umri wake. Mumewe alikuwa mkwezi, akaanguka mnazini, akamwachia mabinti wawili na kishamba cha mihogo. Mabinti aliwaoza, kishamba akakilima. Na alipomaliza kulima asubuhi alioga, akajitanda leso safi, akaenda kwenye kazi yake ya pili, kazi ambayo sijapata kuiona kwa mtu mwingine: alikusanya madeni ya miwani bila kumdai mtu.

Ngoja nieleze, maana vijana wa leo hawatanielewa. Bwana Hamoud, mpima macho, alikuwa na chumba chake Likoni, si mbali na feri. Kazi alijifunza Aden kwa ami yake. Ukutani alitundika kibao cha herufi, na kwa wasiosoma alichora samaki, wakubwa hadi wadogo, wengine wakielekea kulia na wengine kushoto, nawe ukae kitini useme samaki huyu aenda wapi. Wateja walikuwa washona kofia, walimu wa vyuo vya Kurani, mafundi cherehani, watu ambao jicho likififia na riziki yafifia. Hawakuweza kulipa miwani kwa mara moja. Walilipa kidogo kidogo kila mwezi. Mimi Mwidani, niliyesoma hadi darasa la nne, ndiye niliyekuwa karani, na daftari lilikuwa mkononi mwangu peke yangu.

Sasa, kwetu sisi, mtu kudaiwa mlangoni pake, mkwe yuko ndani au jirani anapita, ni aibu asiyoisahau. Bi Mwanatatu alilijua hilo. Alikata vitambaa kutoka kanzu kuukuu, kila mteja na chake, na kwenye pembe ya kila kimoja akashona uzi wa rangi yake, maana hakujua kusoma. Alipiga hodi, akasalimu, akaulizia watoto, halafu akauliza, "Na macho yaonaje?" Mwenyeji akavua miwani. Bi Mwanatatu akaifuta upande mmoja, akamrudishia pamoja na kitambaa, akasema, "Malizia mwenyewe." Mwenyeji akaingia ndani kumalizia. Mwenye kitu alikitia humo akakunja. Asiye nacho alikunja kitambaa kitupu. Vyote vilirudi vimekunjwa sawasawa, na Bi Mwanatatu hakufungua hata kimoja. Vilifunguliwa mezani kwangu.

Miaka miwili kabla yangu na miezi kadhaa nami ilikwenda hivyo. Wakati mwingine mtu alichelewa miezi mitatu, lakini sikumbuki aliyekataa kabisa.

Ramadhani ile, siku moja baada ya alasiri, aliniletea vitambaa kumi na kimoja. Nilikuwa na njaa na kichwa chaniuma, na nilitaka kuwahi nyumbani kabla ya kufuturu. Nikavifungua, nikaandika majina na hesabu kwenye kipande cha karatasi, nikatia karatasi na pesa zote, shilingi arubaini na mbili, ndani ya boksi tupu la fremu. Nikalisukuma juu ya kabati. Nilisema kesho nitaingiza daftarini. Vitambaa nikamrudishia.

Kesho yake nilisahau. Na kesho kutwa. Wallahi nilisahau, sikuwa na nia mbaya. Hilo ndilo naweza kuapa, yanayofuata siwezi.

Baada ya Idi, Bwana Hamoud akapitia daftari, akaona watu kumi na mmoja hawakulipa mwezi mtukufu. Siku mbili baadaye akakutana msikitini na Mwalimu Mwinyihaji, mmoja wa wale kumi na mmoja, akamsikia akishukuru kwamba deni lake limebaki dogo tangu lile fungu la Ramadhani. Bwana Hamoud akarudi akaniuliza kama Bi Mwanatatu aliniletea kitu. Nikatazama daftari, nikaona patupu, nikasema sikumbuki. Naye hakumuuliza Bi Mwanatatu mwenyewe. Alikuwa mtu wa haya.

Wiki hiyohiyo akaja bwana mmoja mwenye tai na mkoba, kutoka ofisi ya ng'ambo ya feri. Kazi ya ofisi yao, alisema, ni kuandika ankara za madaktari wa macho na wa meno tu, hawagusi biashara nyingine. Walijua kioo cha kusomea kina bei gani na cha kuonea mbali kina bei gani, walijua kumwandikia tajiri wa mteja, yaani mwajiri wake, akate mshahara. Barua zao zilipigwa taipu. Wao walichukua shilingi moja katika kila kumi. Kulikuwa pia na karani wa Changamwe aliyeandika ankara za kila mtu, maduka na mabaniani wa mbao, na bei yake ilikuwa nusu ya hiyo. Bwana Hamoud akaniambia, "Mwidani, wewe ndiye uwajuaye watu hawa. Tuchukue ofisi ya macho, au yule wa Changamwe, au tubaki na Mama wa vitambaa? Niambie Alhamisi."

Nilikuwa na siku tatu. Ya kwanza nilifikiri kwa kichwa changu: karani wa Changamwe hajui kioo, atachanganya. Ofisi ya macho inajua kazi. Na Mama, nikasema moyoni, umri umekwenda, labda pesa zilimdondoka njiani. Siku ya pili nilipanda kiti kutafuta bawaba za miwani, nikalishusha lile boksi. Likalia pesa.

Nilikaa kitini pa wateja, mbele ya wale samaki.

Ningesema mchana ule ule, lingekwisha kwa kicheko. Lakini nilikuwa nimekwisha sema sikumbuki. Niliona Bwana Hamoud atanitoa, na nilikuwa nimeposa. Alhamisi ikafika, akaniuliza. Nikasema, "Ofisi ya macho, bwana. Hawa ndio wataalamu."

Pesa nilizirudisha kidogo kidogo, mwezi mzima, katika mtoto wa meza, yaani droo. Na kabla daftari halijapelekwa ng'ambo niliwaandika wote kumi na mmoja kuwa wamelipa, ili wasidaiwe tena. Daftari nililiponya. Bwana Hamoud hakulifungua tena. Bi Mwanatatu nilimwacha vilevile.

Aliambiwa kwa upole, kwamba kazi imekua na sasa inataka barua. Siku ya pili alileta vitambaa vyote, vimefuliwa na kunyooshwa, akaviweka mezani pangu.

"Vihesabu, mwanangu."

"Hakuna haja, mama."

"Vihesabu," akasema. "Nisije nikaambiwa kimoja kimepotea."

Nikavihesabu mbele yake. Thelathini na vinne. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Ofisi ilifanya kazi yake vizuri, siwezi kuisingizia. Ila barua zilipoanza kufika, watu walizipeleka kwa wenye kusoma, na hapo deni la mtu likasikika hadi kisimani. Mshona kofia mmoja alidhani ameitwa mahakamani, akairudisha miwani yake imefungwa kwenye gazeti, akaacha kushona. Na watu wakaanza kuuliza kwa nini Mama hapiti tena, na wakajijibu wenyewe kwamba amekula pesa. Nyamvula, muuza maandazi, alimtania mbele ya watu, "Bi Mwanatatu, kwani kitambaa chako kilikuwa na tundu?" Naye akajibu, "Tundu mbili, mwanangu, za kukuonea wewe." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nasubiri maandazi yangu, nikacheka nao.

Alianza kukaanga mihogo kando ya njia ya feri. Alikaanga miaka minne. Nilinunua kila siku, hata siku ambazo sina njaa, na nilitoa zaidi ya bei, naye alinirudishia chenji yote. Hakuacha kuniita mwanangu.

Mwezi wa uhuru, watu wakifunga bendera kwenye baiskeli, nilikwenda kwake Shika Adabu mchana, siku hiyo alikaangia mlangoni pake. Wakati huo nami navaa miwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kibao nikae karibu na karai. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani. Nikaanza, "Mama, zile pesa za Ramadhani, si wewe uliyezipoteza. Zilikuwa juu ya kabati."

Hakunitazama. Aligeuza mihogo. Halafu akasema, "Miwani yako chafu, lete."

Nikaivua nikampa. Akaifuta kwa pembe ya leso yake, leso ile aliyofutia mikono tangu asubuhi, akanirudishia. Nilipovaa sikuona ila ukungu wa mafuta, na yeye ndani yake, hana uso.

Akaja mteja akitaka ya senti kumi. Akamfungia. Mimi nikamuuliza hapohapo, mteja akisikia, maana nilijua nikiondoka sitarudi na neno hilo: "Mama, siku ile uliponiambia nivihesabu, ulikuwa wajua kwamba ni mimi?"