Apatimenti ya Mlango Mmoja

Dalali aliyetutembeza alikuwa kijana wa Dar, suruali imembana mpaka nikamwonea huruma, na maneno yanamtoka kama pumba kwenye mashine ya kusaga. "Mama, hii siyo nyumba, hii ni apatimenti! Imekarabatiwa yote. Tailizi mpya, jipsamu mpya. Na mtaa wenyewe si unauona, miti kila mahali. Hapa unapumua oksijeni tupu."

"Na sisi wa kijijini Ipililo tunapumua nini?" nikamuuliza.

Akacheka, akaenda mbele.

Kweli miti ilikuwepo. Miarobaini mirefu mistari miwili, waliipanda watumishi wa zamani, na jengo lenyewe ni ghorofa moja la familia nne. Yetu ilikuwa ya chini. Nasema yetu, lakini siku ile bado ilikuwa inauzwa.

Binti yangu ni nesi hapa Bariadi, mume wake mwalimu. Walikuwa wamepanga vyumba viwili, na mimi nikija kumwona mjukuu nalala kwa jirani. Siyo kwamba walininyima. Kwetu Wasukuma mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hatuli pamoja, hatutazamani usoni, hatupishani mlangoni. Sasa kwenye vyumba viwili utakaa mbali wapi, juu ya dari? Mjukuu anakaribia kutambaa, mimi nampakata mchana tu kama mgeni aliyepita kusalimia. Nilitaka nyumba ambayo usiku huyo mtoto atalala ubavuni kwangu. Hiyo ndiyo iliyonitoa Ipililo. Tailizi hazikunihusu.

Basi tukaingia mimi, binti na dalali. Mkwe akabaki nje chini ya miti, anangoja zamu yake.

"Hiki chumba ni masta, choo kiko ndani," dalali anasema. "Na kile pale ni choo cha pabliki."

Nikasimama. "Cha nani?"

"Cha pabliki, Mama. Cha watu wote."

"Na wa stendi wanakuja humu humu?"

Binti akanivuta kitenge. "Mama! Watu wote wa humu ndani. Wewe na wageni. Mwalimu atatumia cha masta."

Hapo roho ikatulia. Vyoo viwili, heshima inakaa.

Halafu tukafika jikoni, na binti yangu akapotea. Ukuta wote wa nyuma ni kabati, jeupe, na milango yake ukiiachia inajifunga yenyewe polepole kama mtu anayesinzia. Alifungua, akaachia, akafungua tena. "Mama, ona! Mama, sikia, hailii!" Uso ule sikuuona hata siku ya harusi yake.

Mimi nilikuwa natafuta kitu kingine. "Mlango wa nyuma uko wapi?"

Mwenye nyumba alikuwa amekaa sebuleni, mama mtumishi, mtu wa Tanga, amehamishwa kikazi. Anabembeleza hata akikataa. "Mama yanguu," akaniambia, "ulikuwa hapo hapo penye kabati. Nikauziba wakati wa ukarabati. Milango miwili ya nini siku hizi? Wa mbele watosha, na mwizi hapati pa kupita."

Mwizi hapati, na mimi je? Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie hivyo, nikasikia mkwe anakohoa mlangoni. Dalali alishatoka kumwita! "Karibu, Mwalimu, ingia ingia, familia yote ione pamoja!" Jiko na sebule wameviunganisha, ukuta wameuvunja, wanaita jiko la wazi. Mlango ni mmoja, na yeye yuko mlangoni. Pembeni ya jiko kulikuwa na kastoo. Nikaingia, nikajifungia.

Humo gizani nikamsikia dalali anavyosifia. "Dirisha hili alumini, Mwalimu. Sinki hili halishiki kutu." Mkwe wangu ana sauti ya chini, anajibu "Mm. Mm." kama ng'ombe anayecheua. Hatua zikasogea. "Na hii sasa ni stoo, kubwa tu, unaweza ukaweka hata..."

Akafungua.

Macho ya mkwe na macho yangu yakakutana. Tangu amuoe binti yangu hayajawahi. Akajifunika uso kwa kofia, akageuka, akakimbia nje, mtu mzima na heshima zake, bila viatu.

"Mama!" dalali macho yamemtoka. "Unafanya nini humu?"

"Napima gunia ngapi zinaingia."

Akamsogelea binti yangu akanong'ona, lakini watu wa Dar hawajui kunong'ona. "Dada, samahani, bi mkubwa na Mwalimu wana bifu?"

Binti akawaeleza. Mama wa Tanga alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio. Ila nilipouliza kama mlango unaweza kurudi pale ulipokuwa, kicheko kikakatika. "Kulikata kabati? Mama yanguu, si utalitia kilema!"

Na binti akamsaidia. Hilo ndilo lililoniuma. "Mama, hayo mambo ya zamani. Utamzoea tu. Mjini watu wanaishi."

Nilikuwa nawaza jirani gani atanipa kitanda kwenye mtaa ambao simjui mtu.

Ndipo sauti ya mkwe ikaingia dirishani. Amesimama nje, ametupa mgongo, anaongea na mwarobaini. Na mimi hasemi nami moja kwa moja. "Mwambie mama yako," akasema, "nyumba ambayo yeye hawezi kulala, na mimi silali. Tutafute nyingine."

Binti alikuwa bado ameshika kabati. Akafungua mlango mmoja, akauachia, akautazama unavyorudi taratibu mpaka ukafunga. Akamgeukia dalali. "Fundi aliyeziba mlango, namba yake unayo?"

Mama wa Tanga alimwita Mungu, lakini nyumba ni ya anayenunua.

Kabati lilikatwa nusu. Mpaka leo binti akikosa sufuria ananiambia, "Pale unapopita, Mama, ndipo pangekuwa pake." Nami namjibu kwamba sufuria haijui kulea mtoto.

Tunaishi kwa kukohoa. Mkwe akitaka kuingia anakohoa barazani, mimi natoka nyuma. Mimi nikitaka kupita sebuleni nakohoa, yeye anatoka mbele. Akishatulia ananisalimia Kisukuma kupitia ukuta, "Mwadila, mayu," nami namwitikia nikiwa uani, "Mwadila, baba." Tatizo limekuja kwa mjukuu. Sasa anatembea, na kila kitu anaiga. Juzi nilikuwa jikoni, baba yake barazani anavua viatu, mtoto akasimama katikati ya sebule akakohoa kikohozi kizito kama mzee wa kanisa. Mimi nikajua baba mtu anaingia, nikatoka nyuma. Baba mtu akajua mimi napita, akarudi kwenye miti. Tukabaki nje, kila mmoja upande wake, tunamsikia humo ndani anafungua kabati, analiachia, anacheka peke yake.