Mkanda wa Pikipiki ya Chicago

Bilkis alishona nguo Moshi kwa cherehani ya kukanyaga, kisha akashona mapazia ya watu Toronto hadi macho yakachoka. Alipostaafu alidhani sasa angalau Jumamosi mumewe angekuwa wake. Wapi! Baqir alikuwa amejipatia pikipiki.

Pikipiki yenyewe Excelsior ya mwaka 1912, iliyoundwa Chicago enzi ambazo Wamarekani walifungua viwanda vya pikipiki kama watu wanavyofungua vibanda vya chai. Ina pedali kama baiskeli, injini ya silinda moja, na mkanda mrefu wa ngozi unaozungusha gurudumu la nyuma. Kiwanda kilifungwa mwaka 1931. "Kiwanda kimekufa, mtoto yu hai," Baqir alipenda kusema. Mtoto huyo alimweka Markham, nje ya Toronto, kwenye gereji ya mdogo wake Hasan, na kila Jumamosi kwa miaka sita alipanda basi kutoka mtaa wao wa Thorncliffe Park kwenda kumlea.

Mwaka huu Hasan akachoka. "Kaka, gari langu limelala kwenye theluji miaka sita. Pikipiki ikipanda kilima hiki cha mtaani Jumapili, ibaki. Isipopanda, iende makumbusho."

Jumapili Bilkis akaenda na bakuli la kachori, kama mtu anayekwenda kuaga, ila hakujua kama anaaga kwa huzuni au kwa furaha.

Injini ikawaka, tu-tu-tu-tu. Baqir akafika nusu ya kilima, gurudumu likagoma, injini ikabaki kuunguruma bure. Akarudi, akajaribu tena. Vilevile.

"Mkanda unateleza," Hasan alisema. "Umeufuta?"

"Nimeufuta kwa spiriti. Mkavu kama ubao!"

Bilkis akautazama ule mkanda unavyong'aa. Ugonjwa ule aliujua. Cherehani yake ya Moshi, nayo ya mkanda wa ngozi, iliugua hivyohivyo kila kiangazi. Angeweza kunyamaza, akala kachori yake, na Jumamosi ijayo mume akawa nyumbani. Lakini akaona mgongo wa Baqir, shati limelowa jasho, mabega yameshuka. Moyo ukamshinda.

"Baba Zahraa, ngozi ina kiu. Shemeji, humu ndani kuna mafuta ya mbarika?"

"Ya nyonyo, yale ya kuharisha?" Hasan akaangua kicheko. "Shemeji, ukiupaka mafuta utateleza mpaka Montreal!"

"Wewe umewahi kushona hata kifungo? Lete chupa."

Akaupaka mkanda kidogokidogo, akausugua kwa kiganja mpaka ngozi ikanywa na kulainika, akawaamuru wanywe chai kwanza. Kisha akamwambia Baqir apande.

Safari hii pikipiki haikugoma. Ilipita nusu, ikapita nyumba ya mwisho, ikatokomea ng'ambo ya kilima. Ikarudi na Baqir anapiga kelele kama bwana harusi, majirani wanapiga makofi, Hasan ameshika kichwa.

"Mama Zahraa, hili ulilijua tangu lini?"

"Tangu Moshi."

"Mbona miaka sita hukusema?"

"Miaka sita hukuniuliza."

Baqir akashuka kwenye pikipiki. Aliingia gereji, akaondoa boksi la spana juu ya kigoda cha pili, akakipangusa kwa shati lake.

Jumamosi iliyofuata walipanda basi wawili.