Siku Kishindo Alipojisikia

Siku yangu ya kwanza kazini katika studio ya muziki pale Bondeni, Nakuru, nilikabidhiwa ufagio. Nilikuwa nimetumikia redio miaka mingi, kwanza Nairobi, kisha Eldoret, na cheo changu cha mwisho kilikuwa fundi mkuu wa mitambo. Kwa hivyo nilipofika mapema mwaka wa 2007 na barua yangu kwenye bahasha, nilitarajia angalau kuonyeshwa kiti. Mkurugenzi wa studio, mzee wa Kisingasinga tuliyemwita Mzee Mahinder, alinitazama viatu, kisha akanipa ufagio.

"Vumbi ya Nakuru inaharibu mashine kuliko stima," akasema. "Wewe fagia kwanza, mama. Halafu kaa chini usikize chumba."

"Nisikize chumba kitupu?"

"Hata kitupu kiko na sauti yake."

Familia yake iliuza redio na spika chini, na studio ilikuwa juu, vyumba viwili vilivyotenganishwa na kioo kinene. Upande mmoja alisimama msanii mbele ya maikrofoni, kuta zake zikiwa zimefunikwa kwa magodoro. Upande wa pili nilikaa mimi na miksa. Miksa, kwa nyinyi mnaorekodi kila kitu kwa simu, ni meza ya vitufe inayopokea kila sauti kivyake, ukaipandisha au ukaishusha, mwishowe zote zikatoka kama wimbo mmoja.

Wengi wa wateja wetu walikuwa kwaya za makanisa. Halafu akaja Moses. Alikuwa kijana mrefu kutoka mtaa wa Rhonda, siku za wiki alipanga maua kwenye maboksi katika shamba moja Naivasha, na Jumamosi alirudi kwa mamake na kuja kwetu kurap. Jukwaani alijiita Kishindo, na jina lilimkaa. Alipofungua kinywa tu, sindano za miksa zinazopima sauti zilikimbilia kwenye nyekundu na kubaki huko. Nilimwekea kompresa, mtambo wa kuibana sauti isiruke kupita kiasi, lakini ilikuwa kama kukalia mfuniko wa sufuria inayochemka.

Tulimaliza albamu yake ya kwanza mwaka huohuo. Vijana wa Rhonda waliipenda, na mimi nilijiona bingwa kwa kumudu kelele zile. Ila rafiki yangu mmoja mtangazaji niliyempelekea aliirudisha baada ya siku mbili.

"Mama Chebet, kijana anaandika vizuri sana," akaniambia. "Lakini anatufokea. Nikiicheza hii asubuhi, watu watahama stesheni."

Sikumwambia Moses. Niliona haya kwa niaba yake, na nilidhani ndiyo tabia yake, basi.

Mwisho wa mwaka ukaja uchaguzi, na baada yake vurugu ambazo kila aliyekuwa Nakuru anazijua. Duka lilifungwa, studio ikafungwa. Moses alitoka Naivasha na begi moja, akakaa kwa mamake. Mwezi wa nne tulipofungua tena, alikuwa wa kwanza kupanda ngazi.

"Sasa, mathe?"

"Poa, Moses. Mama yuko?"

"Yuko. Sote tuko." Akakaa kwenye benchi la kungojea, akatoa daftari. "Nataka kufanya albamu ingine. Lakini si ile fujo. Watu wamefokewa ya kutosha, hata mimi nimechoka. Nataka mtu akinisikiza aone ni kama tumekaa na yeye jikoni."

Akanisomea ubeti mmoja palepale, kwa sauti ya chini. Ulimhusu jirani yao wa miaka mingi aliyehama bila kuaga, na jinsi mama yake Moses alivyoendelea kufagia mlango wa jirani huyo kila asubuhi ili akirudi asikute uchafu. Nilijifanya natafuta waya chini ya meza mpaka macho yakauke.

Mzee Mahinder alikubali. Tukamtafuta Kiprono, mpiga gitaa la besi wa kanisani, mtu wa maneno machache na vidole vizito, na yeye akaleta kinanda cha kanisa chenye sauti ya zamani. Muziki ulikuwa mtamu, umetulia. Kisha Moses akaingia chumbani, akavaa hedifoni, na maneno yaleyale aliyonisomea kwa upole yakatoka kama ya mtu anayeita gari lililomwacha.

"Pole pole, Moses," nikamwambia.

"Si niko pole pole, mathe?"

Tukarudia. Tukarudia kesho yake, na wiki iliyofuata. Nilimsogeza mbali na maikrofoni, nilimketisha, nilipunguza taa. Siku moja Mzee Mahinder alisimama mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, acha," akasema. "Kila mtu ana yake. Arudi kwa ile ya zamani ama tufunge hii kazi."

Moses aliyaona hayo midomoni mwa mzee kupitia kioo. Alivua hedifoni, akaiweka taratibu kwenye kiti, akatoka nje kwenye baraza. Nilimfuata. Alikuwa ameegemea ukuta akitazama barabara. Nikasimama kushoto kwake nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena, karibu kabisa na bega. Hakutingisika. Nilipozunguka mbele yake, alishtuka.

"Moses, hujanisikia?"

"Hiyo side haifanyi kazi," akasema, akigusa sikio la kushoto. "Tangu nikiwa mdogo. Shuleni mwalimu alikuwa ananichapa, ati najifanya. Nikaamua sitaambia mtu tena. Na nani atarekodi rapa kiziwi?"

Kule redioni nilikuwa nimefundishwa kugawa hedifoni: sauti ya msemaji mwenyewe sikio la kushoto, muziki sikio la kulia, visichanganyike. Niliwafanyia hivyo wasanii wote pale Bondeni, na sikuwahi kumuuliza mmoja kama inamfaa. Mwaka mzima Moses alikuwa akisimama mle ndani anasikia ngoma peke yake. Hakujisikia hata neno. Alipiga kelele kwa sababu alikuwa akijitafuta.

Nilimwambia yote, bila kujitetea. Nilitegemea anikasirikie. Akasema tu, "Kwani inaweza kubadilishwa?"

Ilikuwa kazi ya kuhamisha waya mmoja. Moses akarudi ndani, akavaa hedifoni, Kiprono akaanza kupiga besi. Moses akasema neno la kwanza, akanyamaza. Akasema tena, taratibu. Kisha akainua mkono tusimamishe muziki.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe."

"Wacha!" Akakaa kwenye kiti, ameshika hedifoni kwa mikono miwili. "Kumbe naongea kama babangu."

Babake alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita. Nilimwacha akae. Hata Kiprono aliweka gitaa chini. Alipoinuka alirekodi ubeti wa jirani mara moja tu, na ndio ulioingia kwenye albamu. Kwenye kiitikio aliimba, kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumsikia akifanya. Si uimbaji wa kwaya, ulikwaruza kidogo pembeni, lakini ulikuwa na joto. Mzee Mahinder alisikiliza akiwa amesimama, akaomba turudie, mara hii akaketi.

"Hii isiguswe," akaniambia. "Hata hiyo pumzi anayovuta, wacha."

Nyimbo zilizobaki zilituchukua mpaka mwisho wa mwaka. Moses alijifunza kungojea besi, kuacha nafasi kati ya mistari, kushusha sauti pale ambapo zamani angeipandisha. Rafiki yangu mtangazaji aliicheza albamu asubuhi, akanipigia kuuliza kama kweli ni kijana yuleyule.

Sasa nimestaafu, niko Njoro na mahindi yangu na kuku wachache. Vijana hunijia kuuliza ni mashine gani wanunue, na mimi huwauliza kama wamewahi kumuuliza msanii wao anasikia nini. Kosa langu lilichukua mwaka mzima wa mtu. Yeye alinisamehe kabla sijamaliza kuomba msamaha, na mzee mmoja alinipa chumba cha kulirekebishia. Watu wengi hukosea kazini wasijue kamwe, au wakijua wawe wamechelewa. Mimi nilijua mapema, na kwa hilo nashukuru kila siku.

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati. Muuguzi aliyekuwa mezani alikuwa akicheza muziki kwa simu, chinichini, nikaitambua sauti ya Moses. Aliona nimeinua kichwa.

"Pole, mathe, nizime?"

"Hapana. Unampenda huyo?"

"Sana. Huyu hana makelele. Nafikiri alizaliwa ametulia hivyo."

Nilicheka mpaka wagonjwa wenzangu wakageuka. Sikumweleza kitu. Nilikaa nikasikiliza mpaka jina langu likaitwa, nikamwambia ahudumie mtu mwingine kwanza, wimbo haujaisha.