Mtani Wangu Getini

Kiingereza changu kimemgharimu mtu kazi. Kiwanda kilipobinafsishwa, nilikwenda kumbembeleza meneja mpya, mgeni asiyejua Kiswahili, anunulie kantini ndizi zangu. Getini Mzee Kobelo, mlinzi Mluguru, mtani wangu wa siku zote, akanipokea: "We Mnyamwezi, ndizi mbovu kama meno yako! Rudi kwenu!"

Nikajifanya nimenuna, ndiyo utani wenyewe. Meneja, aliyekuwa akipita getini, akaniuliza kwa Kiingereza mzee kasema nini. Nilijua "scold", yaani kugombeza, inafaa mtoto aliyemwaga uji. Nikaona nitaonekana muuza genge tu, nikachomoa "rebuke", yaani kukaripia, neno zito kama hukumu.

Meneja akamfukuza mzee palepale kwa kukaripia wageni. Mzee alivua koti la kazi, akaniuliza taratibu, "Mtani, umemwambia nini?"

Nishaurini, nimjibu nini?