Mtu wa Kushika Uzi

Kufuma, mtu anaweza kufuma peke yake mwaka mzima. Kutanda ndiko kunakodai mwenzako. Zile nyuzi ndefu zinazolala kwenye mtambo tangu nyuma hadi mbele, tunazoziita mtande, lazima zikazwe zote sawasawa kabla hujaanza kufuma. Mmoja anazungusha gogo la nyuma, mwingine anasimama mbele ameshika nyuzi kwa mikono miwili, anavuta huku anasogea taratibu. Akilegeza upande mmoja, kitambaa chote kitakuja na makunyanzi, na hakuna pasi itakayoyaondoa.

Miaka yote aliyenishikia alikuwa mume wangu. Tangu tumzike kwao mlimani, kwenye migomba ya baba yake, mtambo ulikaa mtupu. Watu wakiniuliza mbona sifumi siku hizi, nawaambia macho. Macho yangu hayana tatizo lolote.

Tunaishi Kaloleni; niseme ninaishi, ulimi haujazoea. Ni chumba na sebule, na sebule yote imemezwa na mtambo. Watu wa zamani waliuita kitanda cha mfumi, na mume wangu alilipenda jina hilo kwa uchokozi. Siku tuliyohamia alimwambia mama mwenye nyumba kwamba tuna vitanda viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha kazi. Yule mama alitutazama tangu kichwani hadi miguuni, akasema hii ni nyumba ya heshima. Ilibidi tuunge mtambo mbele ya macho yake ndipo akatuachia ufunguo, na hata hivyo aliendelea kupita dirishani kuhakikisha.

Mimi nilikuwa mtu wa kufuma, yeye mtu wa rangi. Mtoto wa Kimeru, amekulia kwenye ndizi, alijua kile ambacho kila mama wa huko anakijua kwa hasira: utomvu wa mgomba ukigusa nguo hautoki. Alichapwa sana kwa ajili ya mashati ya shule. Alipokua, ule uchafu akaufanya kazi, akatoa kahawia ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Kokwa za parachichi aliziomba kwa wauza juisi karibu na uwanja wa mpira, zikampa waridi iliyopauka. Misumari yenye kutu ilimpa weusi. Hakupima kitu. Alichovya uzi, akautazama, akanuna, akaurudisha sufuriani. Nilipomwambia anifundishe alisema kila mtu na idara yake.

Aliacha fungu moja la uzi, alilolitia rangi kabla hajaanza kukohoa. Ni kahawia, lakini ukiligeuza kwenye mwanga unaona wekundu ndani yake. Lilitosha mtande mmoja tu. Nilitaka nijifumie shuka la kujifunika, maana Julai ya Arusha unaijua, mawingu yanashuka kutoka Meru asubuhi na hayaondoki. Nikiliharibu fungu lile, hakuna jingine duniani. Nikiliacha juu ya kabati, nondo watalila. Nilikuwa nalishusha, nalinusa, bado linanukia moshi wa kuni, kisha nalirudisha.

Jumamosi moja nilichoka na huo mchezo. Nikasema nitatanda peke yangu, na atakayebisha aje. Nikafunga upande mmoja wa mtande kwenye gogo, upande wa pili nikaufunga kwenye ndoo ya maji iliyojaa, nikaining'iniza mbele ya mtambo ili uzito wake uvute badala ya mtu. Nikaenda nyuma kuzungusha. Mwanzoni ilikwenda vizuri, nikaanza hata kujisifu. Halafu ndoo ikaanza kupepesuka, ikavuta upande, nyuzi za pembeni zikakatika, maji yakamwagika mpaka chini ya kochi.

Nilitukana. Niliitukana ndoo, nikautukana uzi, na marehemu naye akapata fungu lake kwa kufa bila kunifundisha. Kisha nikakaa pale kwenye maji, ncha za nyuzi mkononi, nikalia. Nilikuwa mpweke, basi, na sina namna ya kulipamba neno hilo. Nyumba ina watu kila chumba, redio tatu zinapiga, na mimi sikuwa na mtu wa kunishikia uzi.

Nilizifunga zile ncha kwenye chuma cha dirisha zisijisokote, nikaenda kugonga mlango wa pili. Mle anakaa dada mmoja anayeuza mitumba, umri wa binti yangu kama ningekuwa naye. Alihamia baada ya msiba, wakati ambao sikutaka kufahamiana na mtu. Kati yetu ilikuwa shikamoo na marahaba, basi.

"Una nafasi, mwanangu? Naomba mikono yako."

"Mikono tu, mama?"

"Mikono tu."

Alikuja anajifuta kwenye khanga. Kabla sijamwelekeza, alishaushika uzi, akaupitisha kati ya vidole kama mtu anayechambua nguo kwenye belo.

"Hii ni gredi wani. Nani kaipiga rangi?"

"Mume wangu," nikasema, nikamwonyesha pa kusimama.

Mwanzoni alivuta kama anayekamua nguo. Nilimfokea, nikasikia kabisa kwamba nimefoka kuliko kosa lenyewe. Hakununa. Akasema, "Sawa mama, nielekeze tena," nikamwelekeza tena. Tuliunga zile zilizokatika, fundo baada ya fundo, na mafundo yake yalikuwa madogo kuliko yangu. Nikazungusha, akasogea. Nikasimama, akasimama. Mchana ulikwisha hivyo, hatukuongea la maana. Tulipomaliza nilipitisha kiganja juu ya mtande, ukawa umekaza mwanzo hadi mwisho, hakuna uzi hata mmoja uliobonyea. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Yeye alikuwa anajisugua viganja, vimebaki na mistari ya nyuzi. Akatazama pazia la chumbani, akashusha sauti.

"Baba anaumwa bado? Tumempigia kelele."

"Baba yupi?"

"Si baba wa humu. Simwonagi akitoka, nikajua anaumwa. Ila kila jioni nakusikia unamuuliza kama chumvi imetosha."

Nilishika gogo la mtambo. Nilikuwa sijui kwamba ninauliza kwa sauti.

"Hakuna mtu mle," nikamwambia. "Alishafariki. Fungua pazia uone."

Hakufungua. Hakusema pole, wala hakunitazama kwa yale macho ya msibani. Alivuta kigoda changu cha kufumia, akakaa, akakunja khanga yake magotini.

"Mimi nakula chumvi kidogo, mama," akasema.

Nikaenda kubandika sufuria. Nilisimama na kikombe cha mchele mkononi muda mrefu, maana nilikuwa nimesahau chakula cha watu wawili ni kiasi gani.