Mafiga Matatu kwenye Sanduku la Njano

Shule niliisoma miaka miwili tu, lakini mtu asinidharau: picha nilijua kuzisoma. Mfuko wa mbolea, chupa ya dawa ya ng'ombe, mimi nilitazama mchoro nikawaambia wenzangu hiki ni kitu gani. Kiburi hicho ndicho kilichomuunguza mtoto wa watu.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, Warundi wamejaa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, barabara inachongwa ili malori ya chakula yapite. Mafundi wa barabara walipiga kambi kando ya shamba langu. Walipoondoka waliacha mapipa matupu, matairi, na sanduku moja la njano, dogo kama ndoo lakini zito kama jiwe la kusagia. Juu limechomekwa fimbo ya chuma. Ubavuni lina mchoro: doa katikati, na vitu vitatu vimelizunguka.

Nilikuwa na kibarua, binti wa Kirundi kutoka Mtabila. Kuwalimisha wakimbizi ilikatazwa, kila mtu alijua, na kila mtu aliwalimisha. Akaniuliza, "Mama, hiki si cha serikali?"

"Huoni? Mafiga matatu, moto katikati. Ni kitu cha jikoni."

Akacheka. "Jiko gani hili halina hata pa kuweka chungu?"

"La wazungu. Wao wanakula mikate, chungu cha nini?"

Tukaligonga kwa shoka mpaka fimbo ikachomoka. Ilikuwa laini, inang'aa, urefu wa mkono. Nikampa yeye, awe anachoma nayo matuta kutafuta viazi bila kuvikata. Alikuwa anaifunga ndani ya kitenge, nyongani, kutwa nzima, na jioni anarudi nayo kambini hivyohivyo.

Baada ya siku kadhaa akaanza kutembea upande. Nikamtania, "Mbona unakwenda kama bata?" Akafunua kitenge. Nyama imeiva, ina malengelenge.

"Umejimwagia uji?"

"Oya, mama," akakana kwa Kirundi chao. "Sijagusa moto."

Nikampaka samli, nikamwambia atapona. Kisha nikamrudisha kwenye viazi. Ndiyo, nilimrudisha, vilikuwa bado nusu shamba. Kidonda kikachimba shimo. Siku moja akaiegemeza ile fimbo kwenye ukuta wa jiko langu, akasema, "Hiki chuma sikitaki tena," akaondoka anachechemea.

Haikupita muda wakaja watu wa serikali kulitafuta sanduku. Wana kimashine kinalia kama nyenje, na walipokaribia jiko langu kikalia kama kimepandwa wazimu. Wakatutoa mbio. Mkubwa wao akanikalisha chini, mbali.

"Bibi, lile sanduku ni la kupimia ugumu wa barabara, na alama ile maana yake ni mionzi. Huioni, huisikii harufu, lakini inaunguza mpaka mfupani."

"Mimi niliona mafiga."

Hakucheka. "Nani mwingine ameishika ile fimbo? Sema tu, hatukamati mtu. Tunataka atibiwe."

Nikafikiria mgambo wanaokamata wanaolimisha wakimbizi. Nikafikiria majirani watakavyosema, yule mjuaji wa picha leo kaumbuka. "Ni mimi peke yangu," nikasema. Akaniuliza mara tatu, na mara tatu nikajibu hivyohivyo. Wakanipeleka hospitali, wakanipima damu. Nilibabuka ncha za vidole, basi.

Siku nne nililala na uongo ule. Ya tano nikabeba kuku, nikaenda Mtabila kumchukua yule binti nimpeleke hospitali mwenyewe. Kwenye kibanda chake nikakuta familia nyingine.

"Yule wa kidonda? Amerudi Burundi na ndugu zake," mama mmoja akaniambia. "Walimbeba, kutembea hawezi."

"Kilima gani?" nikauliza, maana Warundi kwao hutajwa kwa kilima.

"Nani ajue, mama?"

Nikarudi na kuku wangu.

Kambi ile ilishafungwa, na mimi nimezeeka. Lakini sokoni Kasulu nikimwona mwanamke anachechemea, macho yangu yanakwenda nyongani. Mmoja nilimfuata mpaka kwa wauza mawese, nikamwita, "Binti yangu!" Akageuka. Siye.

"Samahani, nimekufananisha."

"Na nani, bibi?"

Misimu miwili alinilimia, na jina lake sikuwahi kumuuliza.