Mabakuli Manne Mezani Jericho

Mjomba wa mchumba wa dada yangu alikaa mbele ya majani mabichi karibu saa nzima, na hakuna aliyeweza kumnusuru.

Dada ni mpishi wa hoteli mjini. Tulipoambiwa kwamba wakwe wangekuja kwetu mtaani Jericho jioni moja ya wiki iliyofuata kutaja siku ya harusi, alikataa kuwapikia kuku. Angewapa safari ya nyasi ndani ya ng'ombe: matumbo manne, mabakuli manne. La kwanza, majani machanga ya kunde, mabichi, yamekatwakatwa tu. La pili, kunde zilizochemshwa. La tatu, kunde zilizolala kwenye maziwa siku tatu, zikipashwa moto kila asubuhi, kama alivyopika mama. La nne, supu ya matumbo iliyochujwa.

"Ng'ombe hacheui kabla ya kumeza," aliniambia. "Bakuli likiisha, ndipo naleta linalofuata."

Sebule yetu ni ndogo. Meza ikishawekwa, ili mtu atoke lazima watu watano wainue magoti. Mimi nilikalia kiti cha marehemu baba, na anayekikalia hafungui mdomo mpaka mgeni aanze maneno ya harusi. Mgeni naye haanzi maneno kabla hajalishwa.

Mjomba alikula nusu, akaweka kijiko chini. Kwao, mtu akiwa ukweni husaza, wasije wakasema njaa ndiyo iliyomleta. Dada alichungulia kutoka jikoni, akaona majani yamebaki, akarudi.

Tukakaa. Nje watu walikuwa wanatoka sokoni. Dada akachungulia tena, akarudi tena.

"Mwanangu, jiko limezimika?" akauliza shangazi wa mchumba, aliyekuja na mjomba.

"Bado mnakula, shangazi."

"Tunakula nini? Ugali haujafika. Hii si ni salamu tu?"

"Mwache mtoto wa watu," mjomba akasema. "Mimi si mbuzi, lakini pia sina haraka."

Shangazi akacheka peke yake. Mchumba alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimkazia dada macho nikitaka aelewe kwamba mgeni amemaliza, naye akadhani namwonya atulie. Akasimama mlangoni, mikono nyuma, akilitazama lile bakuli.

Mwishowe nikasema, "Leta yote."

Yakaja matatu kwa pamoja, na yote yalikuwa yamepoa. Mjomba alionja la pili, akaliacha. La tatu alilila mpaka chini, kijiko kikagonga udongo wa bakuli. Supu hakuigusa. Kisha akanawa, akaomba dua fupi ya kushukuru chakula, akasimama. Sote tukainua magoti. Kuhusu siku ya harusi hakusema neno, na mimi, niliyekuwa nimeshavunja mwiko wa kiti kwa kutangulia kusema, sikuwa tena na haki ya kumuuliza.

Huu ni mwezi wa tatu tangu jioni ile. Dada husema ni kosa la majani. Akikasirika husema ni kosa langu. Juzi mchumba wake alipita akitokea Kariobangi, ametumwa. Mjomba anataka kujua kunde zile hulala kwenye maziwa siku ngapi. Dada akamwambia. Siku ya harusi haijatajwa.